Glavu Mbili za Kushoto

Mama muuza mitumba wa soko la Ruvumera alinitazama kama mtu aliyeulizia koti la samaki.

"Glavu? Papa, unaumwa?"

Haki yake. Saa sita mchana hapa Buyenzi hata mbuzi hugombea kivuli cha gari lililoegeshwa, na mimi jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, naulizia glavu nene. Nene, nikasisitiza, na zisizochanika.

Siumwi. Nimeoa Muramvya.

Asiyeijua njia ya huko atanicheka pia. Bujumbura tumekaa chini, kando ya Tanganyika, mita kama 800 kutoka usawa wa bahari. Panda Barabara ya Taifa namba 1 kilomita kama 35 tu, uko Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katikati ya ukungu na kabichi. Unaondoka nyumbani shati limekuganda mgongoni. Unafika juu meno yanagongana. Mwenye gari hufunga kioo. Mwenye pikipiki hufunga macho, na kwa kona zile simshauri mtu.

Mwili una koti, kichwa kina helmeti, mikono ndiyo yatima. Mara ya kwanza kufika ukweni kwa pikipiki, baba mkwe alininyooshea mkono, nami nikampa kitu chenye umbo la kushika breki. Vidole viligoma kunyooka. Akakipokea, akakigeuzageuza, akamtazama binti yake. Hakusema neno, lakini nilimsoma usoni: mwenetu tumemwoza kwa kaa wa pwani.

Ndipo nilipoanza kutafuta. Glavu za kwanza zilikuwa za mafundi ujenzi, za uzi mweupe wenye vidoto vya mpira. Upepo ulipita humo bila hodi. Za pili zilikuwa za manjano, za kuoshea vyombo. Upepo haukupita, ila na jasho nalo halikutoka. Nikafika vidole vimekunjamana kama nimefua nguo za mtaa mzima, na gumba la kulia limeshatoboa likatoka nje kuangalia njia. Za tatu zilikuwa za ngozi, kwa mujibu wa aliyeniuzia. Ngozi gani inabanduka kama rangi ya ukuta? Fundi viatu wa mtaani kwetu akanifungua macho: ile ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa, na joto na unyevu wa hapa huifumua hata ikiwa kabatini. Kumbe nilinunua glavu zinazochakaa kwa kupumzika.

Turudi Ruvumera. Mama alizama ndani ya robota mpaka kiunoni, akaibuka na kitu cheusi, kinene kama mkate. Kifundoni kuna kamba ya kukazia, kiganja ni cha ngozi ya kweli, na pembeni kuna picha ndogo ya mtu amesimama juu ya ubao, mlimani. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichagua suruali akanieleza: ni glavu za kutelezea thelujini. Wenzetu hupandishwa mlima kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, halafu hushuka miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja. Kwa hiari yao! Wakianguka hutanguliza mikono, wakiinuka hujisukuma kwa mikono, na kingo za ubao wenyewe ni za chuma. Ndiyo maana glavu zao hushonwa kama viatu vya askari.

Michezo hiyo si migeni kwetu kabisa. Mwaka 1998 ubao huo ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alikuwa huko akishindana kwa skii kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngojea mstarini ili amkumbatie. Watu husifu moyo wa bingwa yule. Mimi nawaza glavu zake: mtu hangojei hivyo kwenye theluji akiwa na zile za kuoshea vyombo.

"Elfu ishirini," mama akasema. Nikalipa haraka kabla hajaona nilivyofurahi. Nyumbani mke wangu akatupa jicho moja tu.

"Zote za kushoto."

Nikarudi mbio. Mama hakutikisika. Tangu soko kuu liungue Januari 2013, alisema, bidhaa za jiji hili zimetawanyika. Za kulia labda ziko Cotebu, labda Kinama. "Lakini geuza moja, papa, ndani iwe nje. Ya kushoto ikigeuzwa inakuwa ya kulia." Nikageuza, na kweli ikaingia. Ila manyoya ya ndani yakawa nje, nikawa na mkono mmoja wa mwanamichezo na mwingine wa kondoo.

Ile ngozi ilikuwa imekauka, nikashauriwa niipake mafuta. Nikaipaka yaliyokuwepo jikoni, mawese ya Rumonge, bila uchoyo. Siku ile klachi iliniponyoka mara nne kabla ya Bugarama. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulilambwa na mbwa wawili wa baba mkwe, mbele ya wazee.

Wakati wa kurudi nilisimama Bugarama kuyapangusa yale mawese. Pale walikuwepo vijana wa velo, yaani baiskeli, wale wanaoshusha ndizi mjini, mikungu imezidi mpaka mpandaji haonekani, breki ya akiba ni soli ya kandambili. Wakipanda hung'ang'ania nyuma ya lori kwa mkono mmoja, kilomita kwa kilomita. Mmoja akaiminya glavu yangu kidole kwa kidole, kama anayechagua parachichi.

"Muzee, hii unaivaa ili usiguse nini?"

Baridi, nikamwambia. Akacheka. Baridi wamezoeana nayo. Kinachomtesa ni chuma cha lori, kikilowa kinateleza, kikikauka kinachuna. "Ningepata moja tu, ya mkono wa lori. Ila isiwe ya kuchanika."

Neno lake lilinikaa rohoni mpaka chini. Kuna watu wamekaa kiwandani wakapima, wakakata, wakashona mara mbilimbili kwa ajili ya mtu anayeanguka kwa raha zake siku ya mapumziko. Huyu anayening'inia nyuma ya lori la saruji hakuna aliyewahi kumpima hata kidole gumba.

Nikazipeleka kwa yule fundi viatu. Alizisafisha mawese kwa majivu, akaipasua ile ya kondoo akaishona upya kama ya kulia, kisha akavibandika viganja vyote viwili vipande vya shambreri, ule mpira wa ndani wa tairi la lori, na kuvipiga uzi wa viatu. Sura ya glavu zile, Mungu anisamehe: ukiziweka mezani watoto wanalia. Lakini nilipanda nazo mara tatu. Upepo haukupita, uzi haukukatika, na baba mkwe nikamshika mkono kwa vidole vitano vilivyonyooka.

Hapo ndipo nilipokosea. Alizichukua, akazijaribu, akatoka nazo kwenda kung'oa visiki nyuma ya nyumba. Jioni akarudi nazo mkononi, hazina hata mkwaruzo. "Mkwe wangu," akasema, "zawadi kama hii hukuwahi kuniletea." Nani ataomba kurudishiwa kitu ukweni?

Jumatatu nilikuwa kwa fundi asubuhi na mapema, kuagiza nyingine. Akanionyesha daftari. Mimi ni wa nane. Saba walio mbele yangu ni vijana wa velo, na kila mmoja amelipia mkono mmoja.