Sifa za Boksi Jeupe

Anayetafuta cha kusifu Ituri hakosi. Kuna dhahabu ya Mongbwalu, mbao za Mambasa, samaki wa Kasenyi. Vyote hivyo vimeshapata wa kuvisifu, na wa kuvipigania pia. Mimi nimechagua frigoliti, yaani yale maboksi meupe mepesi yanayoingia Bunia yamebeba dawa, chanjo na televisheni, na ambayo yakishatolewa kilichomo hurushwa nje ya ukuta wa depo. Upande wa pili wa ukuta huo naishi mimi.

Fadhila ndogondogo tuzimalize haraka. Mama muuza samaki hutandika sacheti ndani ya boksi, akapanga barafu, samaki, kisha barafu tena, akazungushia skochi kwenye ufa. Hadi saa nane mchana jicho la tilapia bado linang'aa. Boksi likitobolewa chini na kutiwa udongo, linaotesha nyanya na lenga-lenga. Likikatwa vibao na kupachikwa chini ya mabati, mvua inapiga na watu wa ndani wanaendelea kusikilizana. Likichovywa katika petroli linayeyuka papo hapo, likawa gundi ya kuziba bati linalovuja. Fundi tu aache sigara yake nyumbani.

Fadhila kuu ni uthabiti. Tuseme boksi moja lilitua uwanja wa Murongo mwaka 2003. Juni ya mwaka huo walikuja askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis. Septemba walikuwa wameshakwenda zao, na boksi lilibaki. Kikosi cha kulinda amani cha MONUC kikawa MONUSCO mwaka 2010, kikaongezewa herufi. Boksi halikuona haja ya kubadili jina. Mwaka 2015 Ituri iliacha kuwa wilaya ya Mkoa wa Orientale, ikawa mkoa kamili. Boksi letu lililala wilayani likaamka mkoani, bila kuomba hati mpya na bila kulipia muhuri. Mei 2021 wanajeshi wakakabidhiwa ofisi za raia chini ya utawala wa dharura, na hapo kwa mara ya kwanza boksi likapata mshindani wa haki: utawala uliotangazwa kwa siku 30, ukaongezwa, ukaongezwa tena, miaka ikapita. Hao wawili ndio pekee ninaowajua katika mji huu ambao hawajui kuoza.

Tena boksi lina kizazi. Kiti ukikivunja unapata kuni. Boksi ukilivunja unapata chembe elfu, nyeupe, za mviringo, na kila moja imekusudia kuishi kuliko mama yake. Chembe hizo hupanda mguu wa suruali zenyewe. Ukizipangusa na mkono zinahamia mkononi. Ukizipuliza zinakwenda kutembea kidogo, kisha zinarudi. Nimezikuta ndani ya pipa la maji ya kunywa, ndani ya unga wa muhogo, na ndani ya firigisi ya kuku wa sikukuu, zimekaa salama, hazijachubuka.

Na mfereji! Mvua kubwa ikinyesha, vifuniko vyote vya depo vinajipanga kwenye mdomo wa kalvati kana kwamba vimeajiriwa, maji yanakosa njia, yanageuka, yanaingia sebuleni kwangu na kulowesha godoro la watoto. Nikienda kulalamika, mlinzi ananiambia bosi yuko misioni. Misioni gani isiyokwisha? Niliandika barua. Ilipopata wa kuisoma, bosi alikuwa amemaliza mkataba, na aliyemrithi akaomba nianze upya, kwa Kifaransa, nakala tatu.

Samahani. Tulikuwa kwenye sifa.

Wenye kujua kemia watakuambia kwamba karibu asilimia 98 ya frigoliti ni hewa, na kwamba hewa hiyo iliyofungiwa ndiyo inayozuia joto lisipite. Kwa hiyo, kila wenye silaha wanapoikata barabara ya Komanda au ya Mahagi, sisi tunaletewa hewa kwa ndege. Kuirudisha ndiko kugumu. Kuna viwanda vinavyoikandamiza frigoliti, kuiyeyusha na kuitengeneza upya, lakini haviko Bunia. Na lori lenye nafasi ya mita za ujazo 40 litajaa pomoni kabla mzigo haujafika tani moja. Nani atalipia hewa ipite vizuizi vyote hadi Kampala, kila kizuizi na kamba yake, kila kamba na mkono wake?

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, chanjo ilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na ikakaa hivyo katika mji ambao soda ya baridi inategemea umeme wa Budana umeamkaje. Hilo silifanyii mzaha. Katika mlipuko huo walikufa watu 2,287, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Bila ule ubaridi misiba ingekuwa mingi zaidi. Kinachonishinda ni hesabu. Chupa ya chanjo inahesabiwa ikiwa imejaa na inahesabiwa ikiwa tupu. Sindano ina kasha lake la usalama na shimo lake la kuchomewa. Boksi la nje, katika fomu zote nilizowahi kuonyeshwa, lina mstari wa kuingia tu. Likishafunguliwa si la mfadhili, si la hospitali, si la depo. Linakuwa la jirani.

Serikali nayo haikulala. Iko amri ya 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Nilitoa fotokopi yake karibu na soko kuu. Mwenye mashine akanitilia ndani ya sacheti nyeusi isinyeshewe. Siku ya salongo, ya usafi wa pamoja, tunazibua mfereji, tunarundika, tunachoma, moshi mzito mweusi unawafuata wagonjwa wa pumu hadi chumbani, na afisa anapita kutoza faini waliochelewa kutoka na fagio. Langoni kwa depo hapigi hodi. Depo ina msamaha wa kodi na, naona, wa ufagio pia.

Hivi karibuni nilialikwa semina ya usimamizi wa taka, iliyoandaliwa na shirika ambalo jina lake silitaji. Chakula cha mchana kililetwa ndani ya vikasha vya frigoliti, kila mshiriki na chake, wali upande huu na sombe upande ule. Nilisimama nikauliza: likishatolewa mzigo, boksi ni la nani? Mwezeshaji aliipenda sana hoja hiyo. Aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi kubwa ukutani, akapendekeza iundwe kamati, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti kwa makofi. Nikauliza kamati itakutana lini. Akasema hilo limepangwa katika awamu ya pili ya mradi, fedha zikipatikana. Awamu ya kwanza ilikuwa inafungwa Ijumaa.