Namna ya Kujaza Nyota Nkwenda na Bado Ukashinda

Mwenyekiti, kahawa imeuzwa, wafanyabiashara wa ndizi na maharage wameahidi kuchanga, nawe unataka timu isiyofungika kwenye kombe, iwe ya soka au ya kikapu. Vizuri. Ila usitume bodaboda Omurushaka, Kayanga wala Kikagati ng'ambo ya mto Kagera kusaka mamluki kabla hujaamua mpira utakuwa kwa nani. Mpira ni mmoja, na kila nyota amezoea kuwa nao yeye.

Ng'ombe wa sherehe naye asichinjwe mapema. Mwaka 2010 LeBron James na Chris Bosh walimfuata Dwyane Wade kwenye timu ya kikapu ya Miami Heat. Wakapigiwa shangwe kabla ya kucheza hata mechi moja, James akayahesabu mataji yajayo mpaka akapita saba. Juni 2011 Dallas Mavericks wakawachapa kwenye fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, michezo minne kwa miwili.

Kwenye bei, waige hao hao Heat. Wote watatu walikubali mshahara chini ya kiwango cha juu ambacho wangeweza kudai, klabu ikabaki na cha kuwalipa wengine. Faida yake ilionekana fainali ya 2013, mchezo wa sita, dhidi ya San Antonio Spurs. Heat wako nyuma kwa pointi tatu, sekunde zinayoyoma. James anarusha, anakosa. Bosh anaudaka mpira na kumpasia Ray Allen, mkongwe aliyekuwa akianzia benchi pale Heat. Allen anatumbukiza pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde tano. Heat walishinda mchezo huo, kisha na ubingwa. Mwonyeshe mshambuliaji wako mpya video hiyo kabla hajasaini. Akiuliza kwa nini Bosh hakurusha mwenyewe, usimsajili.

Majina peke yake hayatoshi. Hasheem Thabeet wetu, chaguo la pili la NBA mwaka 2009, alikuwa Oklahoma City Thunder pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook, na ubingwa hawakuupata.

Mamluki akishapokea chake, jioni hiyo hiyo anapanda gari kurudi kwao. Msimu ujao utaanza na vijana wa Nkwenda uliowaketisha benchi kombe zima. Tafadhali, wachezeshe sasa, tangu mechi ya kwanza.