Kwa Heshima ya Mkweche

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu dau, wamesifu hata tambuu. Mkweche haujapata wa kuusifu, na hiyo ni dhuluma. Nauzungumzia wangu: Toyota Starlet ya usajili wa zamani, namba A, taa moja ya nyuma imezibwa kwa utepe mwekundu, mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje tu, na ndani kuna harufu ya petroli inayomfanya mgeni ateremshe kioo haraka, akibahatika kukaa upande ambao kioo bado kinashuka.

Uzao wenyewe ni wa heshima. Starlet za mwisho za Japani ziliundwa mwaka 1999, Vitz ikarithi kiti, kwa hiyo hata kitindamimba wa ukoo huu amevuka miaka 25. Kwao Japani asingefika umri huo kwa amani. Kule gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe unauma mfukoni. Likigonga miaka 13, kodi inapanda. Mjapani anapiga hesabu, analiuza. Likifika Kenya linazuiwa mlangoni, kwa sababu lililozidi miaka 8 haliingii. Sisi Tanzania tuna roho nzuri zaidi: mzee anakaribishwa, ila analipishwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Ni wapi kwingine uzee umepewa bei rasmi pale forodhani?

Sasa wajuzi wa mjini hawaishi swali lao: "Hiyo hela unayoizamisha humo, si bora ungejikusanya ununue IST?" Huwa wananiuliza wakiwa wamekaa kiti cha mbele, nikiwapeleka kwao.

Hesabu yao inakosea mahali pamoja. Wanachukua bili ya fundi, wanailinganisha na bei ya gari. Starlet yangu nikiiuza leo napata milioni mbili, tena mnunuzi aje usiku. Kuifanyia injini ovahoo kunakula sehemu kubwa ya fedha hiyo. Basi wanaona nimerogwa. Lakini mimi sichagui kati ya bili na milioni mbili. Nachagua kati ya bili na gari lingine. Na gari lingine lina mkopo, mkopo una riba, benki inataka bima kubwa, na gari lenyewe linashuka thamani hata likiwa limelala uani na namba yake E inayong'aa. Mkweche haushuki thamani. Ulishafika chini zamani, umetulia.

Tena una huruma ya ajabu: hauharibiki kwa jumla, unaharibika rejareja. Mwezi huu bushi, mwezi ujao shokapu, ule mwingine rejeta. Mfanyakazi wa mshahara hawezi kutoa milioni kumi na tano siku moja, ila elfu themanini anaipata, kwa kukopa au kwa kununa. Hakuna benki inayokubali masharti hayo: bila mdhamini, bila fomu, unalipa pale gari linapozimika. Kasoro yake ni kwamba marejesho hayana mwisho.

Na elimu je? Chukua kifuniko cha rejeta. Kidude kidogo, kina springi, kazi yake kubana maji. Na maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Springi ikilegea, maji yanachemka mapema, yanamwagika, hedi inapata moto, inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili hadi unachomoa kijiti na kukuta rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko ni elfu chache. Hedi ni mshahara mzima. Mwenye gari jipya atayajulia wapi haya? Mimi fizikia ya sekondari nimeirudia kando ya Barabara ya Mandela, boneti wazi, na msaidizi wa maabara alikuwa kijana muuza maji, ambaye siku hiyo alipandisha bei.

Kisha anakuja fundi. Anasimika bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Kimya kinatanda. Anatoa thamostati na kuitupa kwenye mchanga. "Bosi, hii ni ya nchi za baridi." Si kweli. Thamostati ndiyo inayoamua maji yaanze kuzunguka rejeta lini, na injini isiyofikia joto lake inabugia mafuta na kusagika upesi. Ila nani mwenye ubavu wa kubishana na mtu aliyeingia uvunguni mwa gari lake, akinyoosha mkono na kuita, "Dogo, nipe kumi na mbili"? Ananituma mtaa wa Gerezani kutafuta spea, na huko ndiko nilikojifunza kwamba mtumba uliong'olewa kwenye gari la Japani unaheshimiwa kuliko kipya kinachometa ndani ya boksi.

Kuhusu usalama, sina mpinzani. Jirani yangu amechora namba ya usajili kwenye vioo, kwenye taa, kwenye saiti mira, na bado anaamka anakuta zimeng'olewa, anakwenda kuzinunua upya. Mimi nalala fofofo. Mwizi wa Dar ni mtu wa mahesabu, na kwenye mahesabu yake simo. Vivyo hivyo kamati za harusi: gari la kubebea maharusi hawajawahi kuniomba. Wanaomba mchango, nami nawajibu kwa ukweli mtupu kwamba mchango uko gereji.

Hata serikali imeutambua mkweche. Mwaka 2017 ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ikaongeza tozo kwenye lita ya mafuta, ili anayetembea ndiye alipe. Wangu, kwa busara zake, hautembei sana.

Wakili mzuri hujua pa kunyamaza. Rangi, rimu na spika za mkweche ni anasa, ziache. Breki, tairi na boljointi hazina mjadala, maana hapo anayelipa ni mtoto wa mtu anayevuka barabara. Na chasisi ikishaliwa kutu, usidanganywe na fundi wa kuchomelea: injini utaipata ya mtumba, giaboksi utaipata, lakini bodi iliyooza hakuna anayekuuzia nzima kwa bei ya akili. Pwani yetu hii ina chumvi. Piga magoti uangalie chini kabla hujatoa hela ya juu.

Wangu chini bado mzima. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani na mizani yake, hulitazama gari, kisha hunitazama mimi.

"Shikamoo mzee. Hili tunapima?"

"Marahaba. Pita mwakani, nimefunga betri mpya juzi."

"Betri nayo tunanunua, mzee."