Mchezo Kabla ya Mchezo

Mtu anayenunua PSP kuukuu, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ili achezee ndani yake gemu za Nintendo za miaka ya 1990 hudai kwamba anachotafuta ni kucheza. Tusimwamini. Ushahidi wote unaonyesha kwamba anatafuta matatizo, na gemu ni kisingizio. Sony ilipoitoa mashine hiyo Japani Desemba 2004, haikukusudia iendeshe kitu isichokiidhinisha yenyewe. Wajuzi wakachimba, wakagundua kwamba toleo la 1.50 la programu endeshi yake hukubali programu ya nje endapo utaigawa katika folda mbili zenye jina lilelile, moja ikiwa na alama ya asilimia mwishoni. Na hata ukipatia kila kitu, orodha bado ilikuonyesha programu nzima na kando yake maneno kwamba data imeharibika. Mgeni mpenda usafi alifuta ile iliyoharibika, na ile nzima nayo ikagoma. Sony ikaziba tundu hilo, yakapatikana mengine. Mwaka 2007 mlango ulikuwa ndani ya Lumines, gemu ya mafumbo iliyokwisha kupoa sokoni, na mara mauzo yake kwenye Amazon yakapaa. Watu walikuwa wakinunua gemu wasiyokuwa na nia ya kuicheza. Anayetaka ushahidi zaidi ya huo ana roho ngumu.

Lakini upo, nao ni betri. Umeme ukikatika katikati ya kubadili programu endeshi, mashine iligeuka tofali. Dawa iliyopatikana mwaka huohuo wa 2007 iliitwa betri ya Pandora. Betri ya PSP huhifadhi namba yake katika chipu ndogo. Namba hiyo ikibadilishwa ikawa herufi F nane, mashine hudhani iko mezani kwa mafundi wa kiwandani, hivyo huwaka na kusoma chochote ulichokipanga kwenye memori kadi. Sasa namba hiyo hubadilishwa kwa kutumia nini? Kwa kutumia PSP nyingine, ambayo imekwisha kufunguliwa. Mganga hajigangi. Mwenye mashine moja, tena mfu, alibaki na njia mbili: kumbembeleza mwenye nzima, au kuipasua betri ya lithiamu na kuunyanyua mguu mmoja wa chipu kwa ncha ya wembe. Wengi walichagua wembe, na hakuna aliyewalazimisha.

Tuseme hayo yamepita, emuleta imewekwa, na muziki unakwamakwama. Mwenye hesabu za haraka hukasirika: prosesa ya Super Nintendo ilifikia megahezi 3.58 tu, ya PSP hufika 333, kasi mara tisini na zaidi! Hesabu ni sahihi, hasira si sahihi. Emuleta huigiza mashine nzima, yaani prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti, vitu vilivyokuwa vikifanya kazi kwa pamoja, na kila amri lazima itafsiriwe kwanza. Ni mpishi mmoja wa harusi anayetakiwa kupakua pilau, kupokea wageni na kupiga tarumbeta. Hata awe na mbio namna gani, tarumbeta itakatika. Kwa hiyo mwenye mashine huingia kwenye mipangilio, anaruhusu picha zirukwe, anapunguza ubora wa sauti, anarudi, anasikiliza, anaingia tena. Uso wake wakati huo ni wa mtu mwenye furaha.

Watapinga wengine kwamba siku hizi vipo vimashine kutoka China vinavyouzwa na maelfu ya gemu tayari ndani, kwa hiyo mateso haya ni ya hiari. Naam, ni ya hiari, na hiyo ndiyo hoja yangu. Orodha ya gemu elfu tatu haichezwi, hupitiwa kwa kidole mpaka usingizi uje. Na jambo la kwanza ambalo wapenzi wa vimashine hivyo hushauriana ni kung'oa programu iliyokuja navyo na kuweka nyingine. Wapo pia wanaosema ni wizi. Hapo sifanyi mzaha: kunakili gemu usiyoimiliki ni suala la hakimiliki, ingawa emuleta yenyewe ni jambo jingine, na mahakama ya rufani ya Marekani iliipa ushindi kampuni ya Connectix dhidi ya Sony mwaka 2000 katika kesi ya aina hiyo.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mwishowe gemu huwaka, na mtu hucheza. Huwaka, ni kweli. Ila picha ya Super Nintendo ina nukta 256 kwa 224, na kioo cha PSP kina 480 kwa 272. Ukiivuta ijaze kioo, Mario ananenepa kama amekaa mwezi kwa shemeji. Ukiiacha ilivyo, nusu ya kioo ni giza. Jambo kama hilo haliachwi hivihivi, sharti lirekebishwe kwanza, na betri imebaki asilimia kumi.