Gunia Juu ya Pua ya Betri

Hongera, mwenye gari la haibridi, la petroli na umeme, pale Aru. Kwenye foleni ya mpakani Vurra injini inajizima, nawe unatutangazia kwamba halinywi mafuta. Kweli kabisa. Toyota ilianza kuuza Prius Japani mwaka 1997, na ujanja wake ni wa kubana matumizi: ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota ya umeme inageuka jenereta na kuirudishia betri nguvu ambayo gari jingine lingeipoteza bure. Tena kompyuta yake hairuhusu betri ijae pomoni wala iishe kabisa, ili idumu. Kwa nidhamu hiyo, ingefaa ipewe wizara ya fedha.

Ila tazama siti ya nyuma. Yale matundu kando yake ndiyo pua ya betri. Feni huvuta hewa hapo kuipoza. Wewe umeyaziba kwa gunia la muhogo wa Ariwara, na vumbi jekundu la barabara ya Bunia limemalizia kazi. Betri ikichemka ikafa, lawama ni za Mjapani. Ukirudi kwa kadhafi, mchuuzi wa kando ya barabara, na chupa zake za petroli, unaguna kwamba teknolojia hii si ya Afrika.

Si ya Afrika? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi yetu ya Kongo, kule Kolwezi na jirani zake, na huingia katika betri nyingi za lithiamu. Tunaiuza ghafi, tunainunua ndani ya betri iliyotumika, kisha tunaikosesha hewa.

Gunia lipandishe kwenye keria, kaka.