Tochi ya Kumulikia Kiboko

Sisi watu wa Bujumbura tumelelewa na joto. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mji umeketi ukingoni mwake ukitoka jasho. Mlima Heha, mrefu kuliko yote Burundi, una mita zipatazo 2,670, nao uko papo hapo kusini-mashariki mwa mji. Vijana wa mtaani kwetu Buyenzi walipotaka kuupanda na kulala huko, ilionekana kama kumtembelea jirani wa ghorofani.

Kila mmoja akafungasha kinachomtisha. Fundi cherehani, adui mkubwa wa mbu, alibeba chandarua na misumari ya kukitundikia. Shemeji yangu anakaa Kinindo, ambako viboko hutoka ziwani usiku kula majani ya watu. Yeye akaja na tochi ya walinzi na filimbi. Mimi kiu ndiyo hunitisha, nikajitwisha maji mpaka mgongo ukalalamika. Sweta? Mtu wa Buyenzi sweta atalipata wapi?

Tulipanda vizuri. Migomba ikaisha, tukaingia kwenye viazi, kisha malisho. Nyuma yetu ziwa lilikuwa limetandazwa lote, na jua likateremka upande wa milima ya Kongo. Lilipozama tu, kila mtu akanyamaza. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na sisi tulikuwa tumepanda karibu 1,900 tukiwa na fulana.

Fundi akajizungushia chandarua mara tatu, akakaa humo meno yakigongana. Kilizuia mbu kabisa, maana hakukuwa na hata mmoja. Shemeji akamulika bonde zima akitafuta kiboko. Aliyetokea ni mbwa, na nyuma yake mzee mwenye koti zito, aliyetaka kujua nani anawamulika ng'ombe wake.

"Mmepotea, wanangu?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kutembea."

"Usiku huu?"

"Tutalala."

Akakitazama chandarua na aliyemo. "Kwani kwenu hakuna pa kulala?"

Alituchukua kwake, tukalala tumeuzunguka moto wa mikaratusi. Kulipokucha tukamshukuru, tukamkaribisha mjini.

Akaja kweli. Alitokea soko la Ruvumera saa saba mchana, koti lile lile limefungwa vifungo hadi shingoni, jasho linamchuruzika, mkononi fimbo nene. Tukamsihi avue koti. Akakataa: jioni je? Na fimbo ya nini? Akashusha sauti: ya Gustave, yule mamba wa mto Rusizi aliyekisiwa kuwa na urefu wa mita 6.

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee wangu, hapa ni sokoni! Mamba atafuata nini huku?"

"Hata mimi sijawahi kumwona kiboko Heha," mzee akajibu, "lakini ulimtafuta kwa tochi."