Sadaka ya Kifaru

Siwezi kuwatuhumu kwa hiyana wale waliokusanya sadaka London na California kwa ajili ya hifadhi ya wanyama ya Mkomazi, huko nyuma ya milima ya Usambara, maana waliahidi kifaru na kifaru akapatikana: mwaka 1997 vifaru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini, wakatiwa ndani ya ua, wakalindwa kwa taadhima ambayo sisi wa Tanga huiona tu apitapo mkubwa wa serikali. Lakini nyika ile aliyosimuliwa mfadhili kuwa inarejeshewa uhai, kabla ya serikali kuwahamisha wafugaji mwaka 1988, ilikuwa na ng'ombe wengi na wenyewe, Waparakuyo, Wamaasai na Wapare, ambao baadhi yao walikwenda mahakamani kudai ardhi, wakashindwa. Nami, kwa kuwa huruma yenyewe ilikuwa ya wanyama, nilidhani ng'ombe naye, mwenye miguu minne na macho ya huzuni, angeingia katika rehema hiyo. Kumbe rehema ina daftari lake, na haandikwi humo anayekamuliwa.

Wala Wamarekani wasitucheke: mwaka 2012 jumuiya yao kongwe ya kuwahurumia wanyama, ASPCA, iliilipa kampuni ya sarakasi ya Ringling dola milioni 9.3, ili kumaliza mzozo uliozuka baada ya kuishtaki kwa kuwatesa ndovu. Ndovu hawakugawiwa.

Basi ndugu msomaji, ukiombwa sadaka ya wanyama, uliza kwanza ni mnyama gani, na mchungaji wake kahamishiwa wapi.